Tope, Kichwa na Mpira Mrefu: Jinsi Mchezaji wa Ligi ya Uingereza Alivyofinyangwa

Kwa zaidi ya miaka mia moja, mchezaji wa kulipwa wa ligi ya Uingereza amepimwa kwa mizani ileile. Upande mmoja huwekwa pumzi, ubavu, mbio, mpira wa kichwa na roho isiyokubali kushindwa mpaka kipenga cha mwisho. Upande wa pili huwekwa mguso mzito, mguu mmoja uliozoea kazi na mwingine wa kusimamia tu, papara anapobanwa, na tabia ya kubutua pale ambapo mwenzake wa Hispania au Hungary angetuliza mpira. Mashabiki huzitaja sifa hizo kana kwamba mtu huzaliwa nazo. Historia ya ligi yenyewe inaonyesha kwamba nyingi zilitengenezwa, na waliozitengeneza ni tope la majira ya baridi, kanuni za mchezo, kiwango cha mshahara na namna ya kufanya mazoezi.

Chama cha Soka cha Uingereza, FA, kilipoundwa London mwaka 1863, ubishi mkali haukuwa juu ya pasi wala chenga, bali juu ya ruhusa ya kumpiga mpinzani teke la ugoko. Klabu ya Blackheath ilijitoa kwa sababu teke hilo lilipigwa marufuku. Mwakilishi wake alionya kwamba likiondolewa, ushujaa utaondoka nalo, na hata Wafaransa wataweza kuja kuwashinda wenyeji baada ya mazoezi ya wiki moja. Wafaransa walikuja kweli, ila safari yao ilichukua karibu miaka 130. Mchezo wa siku hizo ulikuwa wa mtu mmoja kuukokota mpira kwenda mbele huku wenzake wakimfuata kama kundi la nyuki, ili waudake ukimponyoka. Kumpa mwenzako pasi kulionekana kama kukwepa wajibu.

Waliobadilisha hali hiyo ni majirani wa kaskazini. Tarehe 30 Novemba 1872, Uskoti na Uingereza zilitoka sare ya 0-0 jijini Glasgow katika mechi ya kwanza ya kimataifa. Waskoti, waliotoka katika klabu ya Queen's Park, walikuwa wepesi wa miili kuliko wageni wao, hivyo walijua kwamba kugongana vifua hakutawasaidia. Waliamua kugawiana mpira. Habari ilipofika katika miji ya viwanda vya nguo ya Lancashire, klabu za huko zikaanza kuwaita Waskoti, zikiwapa kazi viwandani na bahasha za siri baada ya mechi. Mwaka 1883 Blackburn Olympic, timu ya wafanyakazi, iliwafunga Old Etonians mabao 2-1 katika fainali ya Kombe la FA, na ubingwa wa vijana wa shule za matajiri ukaishia hapo. Miaka miwili baadaye FA ikakubali hadharani kwamba mchezaji anaweza kulipwa.

Ligi ilianza mwaka 1888 ikiwa na klabu 12, kwa juhudi za William McGregor wa Aston Villa, naye pia Mskoti. Preston North End walitwaa ubingwa wa kwanza bila kupoteza hata mechi moja kati ya 22, na Kombe la FA bila kufungwa bao, wakiwa na Waskoti tele kikosini. Jambo hili husahauliwa sana: tangu siku ya kwanza, akili ya mchezo katika ligi ya Uingereza ilikuwa kwa sehemu kubwa ya kuazima, na wenyeji wakachangia mapafu na mabega. Hata rangi ilichanganyika mapema. Arthur Wharton, aliyezaliwa Accra mwaka 1865, alikuwa golikipa wa Preston kabla ya ligi kuanza, kisha akawa mchezaji wa kulipwa huko Rotherham na Sheffield. Mwaka 1886 alikuwa amekimbia yadi 100 kwa sekunde 10, kasi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa katika mashindano rasmi.

Kisha ukaja mshahara, au tuseme dari ya mshahara. Mwaka 1901 viongozi waliamua kwamba hakuna mchezaji atakayelipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki. Dari hiyo ilipandishwa kidogo kidogo, na hadi Januari 1961 ilipofutwa ilikuwa imefika pauni 20 tu. Klabu zenyewe hazikufungwa mikono namna hiyo: mwaka 1905 Middlesbrough ilitoa pauni 1,000 kumnunua Alf Common kutoka Sunderland, fedha ambazo kwa mshahara wa juu kabisa zingemchukua yeye miaka minne na ushee kuzipata. Tena klabu ilikuwa na haki ya kumzuia mchezaji hata mkataba wake ukiisha. Tom Finney wa Preston, winga aliyetumia miguu yote miwili kwa ufundi uleule, alitakiwa na Palermo ya Italia mwaka 1952 kwa malipo ambayo hakuwa amewahi kuyaona. Klabu yake ilikataa, naye akaendelea na biashara yake ya ufundi bomba.

Dari hiyo ilimjenga mchezaji wa aina fulani. Aliishi mtaa mmoja na mashabiki, akapanda basi moja nao kwenda uwanjani, na akaujua mpira kama kibarua kingine cha mikono. Nidhamu, uvumilivu na kutojiona zilitoka huko. Lakini ufundi wa pekee haukuwa na bei. Winga aliyejaza uwanja hakuweza kulipwa hata senti zaidi ya beki hodari wa kurusha watu nje ya chaki, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kifedha ya mtu kujitesa akijifunza kile ambacho wengine hawakiwezi.

Uwanja nao ulifundisha somo lake. Msimu ulipitia vuli na baridi yote, na kufikia Januari katikati ya uwanja hapakuwa na nyasi bali uji wa tope. Mpira wa ngozi ulikuwa na uzito uleule wa leo ukiwa mkavu, lakini mvua ikinyesha ulifyonza maji ukawa kama tofali. Daluga zilifunika vifundo vya miguu na ncha zake zilikuwa ngumu. Katika mazingira hayo, pasi fupi ya chini ilikwama njiani, na aliyejaribu kumpiga mtu tobo alibaki amesimama juu ya mpira. Busara ilikuwa kuuinua juu na kuufuata mbio. Wachezaji wa akiba hawakuruhusiwa katika ligi mpaka msimu wa 1965-66, hivyo aliyeumia alipelekwa pembeni akachechemee huko, wenzake wakitumaini kwamba uwepo wake ungemshughulisha walau beki mmoja. Katika fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1956, Bert Trautmann, golikipa Mjerumani wa Manchester City aliyefika Uingereza akiwa mfungwa wa vita, alimaliza mechi huku shingo yake imevunjika, jambo lililogunduliwa siku kadhaa baadaye. City ilishinda 3-1, na kisa hicho kikawa kipimo cha ujasiri kwa vizazi viwili. Aliyeomba kutoka kwa sababu ya paja alijua atalinganishwa na nani.

Kasoro iliyodumu kuliko zote, hata hivyo, haikutoka mawinguni. Klabu nyingi za kabla na baada ya Vita Kuu ya Pili ziliamini kwamba mchezaji hapaswi kuuona mpira katikati ya wiki, ili Jumamosi awe na njaa nao. Mazoezi yalikuwa kuzunguka uwanja, kupanda na kushuka ngazi za majukwaa, kuruka kamba na kupiga gunia la ngumi. Mpira ulifungiwa stoo. Mtu aliyesajiliwa akiwa na miaka 17 aliweza kumaliza kazi yake yote akiwa na mapafu ya farasi na mguso uleule aliokuja nao kutoka mtaani. Ufundi ulihesabiwa kuwa kipaji, na kipaji hakifundishwi. Ndiyo sababu wale walioupata waliupata kwa siri zao. Stanley Matthews wa Stoke na Blackpool hakunywa pombe wala kuvuta sigara, alijipangia mlo wake, na alifanya mazoezi peke yake alfajiri. Alikuwa wa kwanza kutwaa Ballon d'Or mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka 41, na alicheza mechi yake ya mwisho ya ligi mwaka 1965, siku tano baada ya kutimiza miaka 50. Watu walimwita mchawi. Ni wachache waliouliza kama mlo na mazoezi yake yangeweza kufundishwa kwa wengine.

Kanuni ya kuotea ilisukuma mambo upande huohuo. Mwaka 1925 idadi ya wapinzani waliotakiwa kuwa kati ya mshambuliaji na mstari wa goli ilipunguzwa kutoka watatu hadi wawili. Mabao yakamiminika. Dixie Dean wa Everton alifunga 60 katika mechi 39 za msimu wa 1927-28, mengi kwa kichwa, na rekodi hiyo ya ligi haijavunjwa. Ili kuziba pengo, timu zilimrudisha sentahafu kati ya mabeki wawili. Herbert Chapman wa Arsenal ndiye aliyeukamilisha mpango huo, naye alikuwa mtu wa fikra nyingi. Walioiga waliiga mifupa bila nyama. Sentahafu, ambaye zamani aligawa mpira kwa timu nzima, sasa akawa stopa: mrefu, mgumu, hodari wa kichwa, asiyeulizwa chochote kingine. Mbele yake akasimama sentafowadi wa umbo lilelile, na Jumamosi baada ya Jumamosi wawili hao waligongana vichwa kugombea krosi za mawinga. Kizazi kizima cha mabeki wa kati wa Uingereza kilikomaa bila hata siku moja kutakiwa kumfuata mtu aliyekataa kusimama mahali pake.

Mtu huyo alifika Wembley tarehe 25 Novemba 1953. Nándor Hidegkuti wa Hungary alivaa jezi namba 9 lakini alirudi nyuma kama kiungo, na Harry Johnston, stopa wa Uingereza, hakujua kama amfuate au abaki. Akimfuata, nyuma yake palibaki shimo. Akibaki, Hidegkuti aligeuka na mpira apendavyo. Alifunga matatu, la kwanza ndani ya dakika ya kwanza. Ferenc Puskás aliuvuta mpira nyuma kwa unyayo huku Billy Wright, nahodha wa Uingereza, akiteleza kwa nguvu zake zote kwenda mahali ambapo mpira haukuwapo tena. Mechi iliisha 6-3, na kwa mara ya kwanza timu kutoka bara la Ulaya ikawa imeifunga Uingereza nyumbani kwake. Mei iliyofuata, jijini Budapest, matokeo yalikuwa 7-1.

Uchungu wa kipigo hicho ulizidishwa na kauli ya Wahungari wenyewe, waliomtaja Mwingereza kama mwalimu wao. Jimmy Hogan, mzaliwa wa Lancashire, alikuwa ameanza kufundisha barani Ulaya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, huko Uholanzi, Austria na kisha Hungary, akisisitiza kutuliza mpira, pasi za chini na mazoezi ya kila siku ukiwa na mpira mguuni. Nyumbani hakupata wa kumsikiliza kwa muda mrefu. Fulham ilimwajiri mwaka 1934 na kumwacha kabla hajamaliza msimu mmoja. Siku ya kipigo alikuwa Wembley, amewaleta vijana wa Aston Villa watazame. Uwanjani, beki wa kulia wa Uingereza aliyefunga penalti siku hiyo alikuwa Alf Ramsey, ambaye hakuchezea timu ya taifa tena. Miaka 13 baadaye aliiongoza kama kocha kutwaa Kombe la Dunia, kwa timu isiyo na mawinga wa asili, iliyojaa viungo wa kukimbia.

Kufutwa kwa dari ya mshahara mwaka 1961, baada ya tishio la mgomo lililoongozwa na Jimmy Hill wa chama cha wachezaji, kulibadilisha maisha haraka kuliko mchezo. Johnny Haynes wa Fulham akapata pauni 100 kwa wiki. Kesi ya George Eastham dhidi ya Newcastle mwaka 1963 ikalegeza minyororo ya mikataba. Uwanjani, waliojifunza kwa dhati ni wachache, na mbele yao walikuwa Liverpool. Baada ya kutolewa na Red Star Belgrade mwaka 1973, makocha wake waliafikiana kwamba mashambulizi yaanzie kwa mabeki kwa pasi, si kwa mpira wa kubahatisha. Mazoezini walicheza mechi ndogo za watu wachache, pasi na kusogea, pasi na kusogea. Kuanzia 1977 hadi 1982 Kombe la Klabu Bingwa Ulaya halikutoka Uingereza: Liverpool mara tatu, Nottingham Forest mara mbili, Aston Villa mara moja. Ushindi huo ulikuwa halali, ila ulificha jambo. Kwa Liverpool, Kenny Dalglish, Graeme Souness na Alan Hansen walikuwa Waskoti, kama ilivyokuwa kwa Preston miaka tisini kabla. Timu ya taifa ya Uingereza, katika miaka ya 1970, ilishindwa hata kufuzu Kombe la Dunia la 1974 na la 1978.

Mei 1985 watu 39 walikufa katika uwanja wa Heysel, Brussels, na klabu za Uingereza zikafungiwa kucheza Ulaya kwa miaka mitano. Zikajifungia na nadharia zao. Iliyotamba zaidi ilikuwa ya Charles Reep, mhasibu wa jeshi la anga, ambaye tangu Machi 1950 alikuwa akiandika kila tukio la mechi kwa alama zake katika daftari. Aligundua kwamba takriban asilimia 80 ya mabao hutokana na mashambulizi ya pasi tatu au pungufu, na kutoka hapo akahitimisha kwamba pasi nyingi ni kupoteza wakati. Hesabu ilikuwa sahihi, hitimisho lilikuwa bovu. Katika daftari zake mwenyewe zaidi ya asilimia 90 ya mashambulizi yote yaliishia kabla ya pasi ya nne. Kwa hiyo yale machache marefu yalizaa mabao mengi kuliko sehemu yake. Ni sawa na mvuvi anayesema ngalawa ni bora kuliko jahazi kwa kuwa samaki wengi huletwa na ngalawa, bila kuhesabu ngalawa ni ngapi.

Hata hivyo mpira mrefu ulileta matunda kwa wanyonge, na ni haki kusema hivyo. Watford ya Graham Taylor ilimaliza ya pili mwaka 1983. Wimbledon, iliyoingia ligi mwaka 1977 tu, iliifunga Liverpool 1-0 katika fainali ya Kombe la FA ya 1988 kwa bao la kichwa la Lawrie Sanchez. Madhara yalikuwa kwa wachezaji. Kiungo mwenye macho ya mbali, kama Glenn Hoddle, aliitwa anasa. Matt Le Tissier wa Southampton, aliyefunga penalti 47 kati ya 48, aliitwa timu ya taifa mara nane tu. Kosa lao lilikuwa kutochafuka vya kutosha.

Mizani hiyohiyo ilitumika kwa ubaguzi. Laurie Cunningham, Cyrille Regis na Brendon Batson walipoichezea West Bromwich Albion mwishoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa kawaida kusikia kwamba mchezaji mweusi ana kasi na chenga lakini hana moyo, hawezi baridi, wala hafai kupewa ulinzi. Viv Anderson, mweusi wa kwanza kuchezea timu ya wakubwa ya Uingereza, Novemba 1978, alikuwa beki. Regis alipoitwa timu ya taifa alitumiwa risasi kwa posta. Cunningham alikwenda Real Madrid mwaka 1979, mahali ambapo chenga hazikuhitaji kuombewa radhi.

Udhaifu mwingine ulikaa nje ya uwanja, kwenye baa. Kunywa pamoja kulichukuliwa kuwa saruji ya timu. Makocha wengi waliona afadhali wachezaji walewe pamoja kuliko kila mtu kivyake. Jimmy Greaves, George Best na Paul Gascoigne ni majina makubwa tu katika orodha ndefu. Tony Adams, nahodha wa Arsenal, alikiri ulevi wake hadharani Septemba 1996, wiki chache kabla ya Arsène Wenger kuwasili kutoka Japani. Mfaransa huyo alibadilisha chakula cha klabu, akaleta mazoezi ya kunyoosha misuli, na akafupisha mazoezi ya uwanjani huku akiyapima kwa saa. Tarehe 3 Mei 1998, Arsenal ikiwa inaongoza Everton 3-0 na ubingwa uko mkononi, beki mmoja wa kati, Steve Bould, aliinua pasi juu ya safu ya ulinzi, na beki mwingine wa kati, Adams, akautuliza mpira kwa kifua na kuupiga wavuni kwa mguu wa kushoto. Wote wawili walikuwa mastopa wa shule ya zamani, wamepita miaka 30. Miguu ilikuwa ileile iliyobutua kwa miaka kumi.

Wenger hakufanya yote peke yake. Ligi Kuu ilipoanza Agosti 1992, wachezaji 13 tu kutoka nje ya Uingereza, Uskoti, Wales na Ireland walianza katika mechi za wikiendi ya kwanza. Mwaka huohuo golikipa alikatazwa kudaka pasi ya makusudi ya miguu kutoka kwa mwenzake, na mabeki wakagundua ghafla kwamba hawana pa kutupa mzigo. Eric Cantona alihamia Manchester United Novemba ileile, na tabia yake ya kubaki uwanjani kupiga mipira baada ya mazoezi kuisha ikaambukiza vijana wa pale. Hukumu ya Bosman ya Desemba 1995 ilifungua milango ya Ulaya, na tarehe 26 Desemba 1999 Chelsea ikaanza mechi bila Mwingereza hata mmoja.

Milango hiyo ilifika hadi Afrika Mashariki. Victor Wanyama, Mkenya wa kwanza katika Ligi Kuu, alinunuliwa na Southampton kutoka Celtic mwaka 2013 kwa sababu za kizamani kabisa: kiungo mkabaji mwenye kifua, pumzi na uwezo wa kunyang'anya mpira bila kuomba. Mbwana Samatta alisajiliwa na Aston Villa Januari 2020, Mtanzania wa kwanza kufika huko, na mitaa ya Dar es Salaam ikapata sababu mpya ya kujaa kwenye vibanda umiza. Alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, ugenini Bournemouth, na tarehe 1 Machi aliifungia Villa dhidi ya Manchester City katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley. Lilikuwa bao la Kiingereza halisi, krosi kutoka pembeni na kichwa cha kuruka. Lakini ligi hiyo haina subira na mshambuliaji. Kabla mwaka haujaisha alikuwa Uturuki.

Kichwa chenyewe, sifa iliyosifiwa kuliko zote, ndicho kilichokuja kudaiwa gharama kubwa. Jeff Astle, mshambuliaji wa West Bromwich aliyejulikana kwa mabao ya kichwa, alifariki Januari 2002 akiwa na miaka 59, akiwa amepoteza kumbukumbu. Uchunguzi rasmi wa kifo chake uliamua kwamba alikufa kwa ugonjwa uliotokana na kazi yake, kama inavyosemwa kwa mchimba makaa mwenye mapafu mabovu. Mwaka 2019 utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow kuhusu wachezaji wa zamani wa kulipwa wa Uskoti ulionyesha kwamba uwezekano wao wa kufa kwa magonjwa ya kuharibika ubongo ulikuwa mara tatu na nusu ya watu wengine, ingawa waliokufa kwa maradhi ya moyo walikuwa wachache zaidi. Mapafu na moyo vilijengwa, ubongo ulilipa. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa mabeki na ndogo zaidi kwa makipa. Tangu 2021 FA imeshauri mchezaji asipige vichwa vya nguvu zaidi ya kumi kwa wiki mazoezini.

Penalti ziliitwa suala la moyo. Uingereza ilitolewa kwa mikwaju hiyo mwaka 1990, 1996, 1998, 2004, 2006 na 2012, na kila mara walisikika waliosema kwamba shinikizo la siku ile halifanyiwi mazoezi. Ni dhana ileile ya mpira uliofungiwa stoo. Gareth Southgate, aliyekosa ile ya 1996, alipokuwa kocha wa timu hiyo aliwafanyisha wachezaji wake mazoezi ya mikwaju kwa mpangilio, na Julai 2018 wakaiondoa Colombia.

Kazi kubwa zaidi ilifanywa kwa watoto. Howard Wilkinson, Mwingereza wa mwisho kuwa kocha wa bingwa wa ligi, akiwa na Leeds mwaka 1992, ndiye aliyeandaa mpango wa 1997 uliozifanya klabu zianzishe akademia. Mwaka 2012 mpango huo ulipanuliwa: saa za kufundishwa zikaongezwa, na kanuni iliyomfunga mtoto kwenye klabu za karibu na nyumbani ikalegezwa. Mwaka 2017 Uingereza ilitwaa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 20 na lile la chini ya miaka 17, na katika fainali ya pili iliifunga Hispania 5-2 baada ya kutanguliwa 2-0, Phil Foden akifunga mawili. Uingereza ikaifunga Hispania kwa pasi. Kocha Pep Guardiola alipofika Manchester City mwaka 2016 alimweka kando Joe Hart, golikipa wa timu ya taifa, kwa sababu ya miguu yake. Hoja haikuwa mikono.

Ya zamani hayakuzikwa, yalibadilishwa matumizi. Rory Delap wa Stoke, aliyewahi kurusha mkuki shuleni, aligeuza mipira ya kurusha kuwa silaha mwaka 2008 na watu wakamcheka. Arsenal ilipoajiri mwaka 2021 mtaalamu wa mipira iliyokufa, Nicolas Jover, hakuna aliyecheka, na kona zake zikaanza kuhesabiwa kama mabao. Kilichogeuka zaidi ni maana ya pumzi. Aston Villa ilipotwaa ubingwa mwaka 1981 ilitumia wachezaji 14 tu kwa msimu mzima wa mechi 42, wengi wao wakicheza wakiwa na maumivu. Tangu msimu wa 2022-23 kila timu ya Ligi Kuu inaruhusiwa kubadilisha watano, hivyo katika alasiri moja kocha anaweza kutumia 16, na wale watano wanaoingia wananunuliwa kwa ajili ya dakika 30 za mwisho.